Mwenye Daraja la Chini

Jumamosi ile foleni ya duka la fotokopi ilikuwa imetoka mlangoni ikashuka hadi kwenye ngazi. Wanafunzi wenye fomu za mitihani, akina mama wenye vyeti vya watoto, watu wenye barua za kuomba kazi, wote wanajipepea kwa bahasha na kusonya, kwa sababu mtu mmoja pale mbele alikuwa ameiteka mashine. Kijana mrefu, shati jeupe lililonyooshwa hadi mikunjo yake ingeweza kukata kidole, viatu vinang'aa kama vimelambwa. Anatoa kopi mia nne za karatasi moja. Alipofika kopi ya mia na kumi na mbili, mashine ikakoroma, ikanyamaza.

Mwenye duka, mama mmoja wa miwani, akaipiga kofi ubavuni. Kimya. Akainua mkono tena.

"Usiipige, mama, haina makosa," sauti ikatoka katikati ya foleni. "Mwenye makosa ni huyo anayeilisha bila kuipa nafasi ya kupumua."

Foleni ikampisha. Alikuwa mwanamke wa miaka kama ishirini na saba, gauni la kijani lililomkaa vizuri kiunoni, nywele zimebanwa juu, kucha fupi zenye weusi wa grisi usiotoka hata kwa ndimu. Akafungua tumbo la mashine, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akapapasa kama anayetafuta sarafu chini ya kiti. Karatasi ikatoka imekunjamana. Akainyoosha kwenye paja, na kwa kuwa macho hayana pazia, akaisoma, tena kwa sauti.

"'Tamko la uhusiano wa kimapenzi kazini. Mimi mfanyakazi niliyetajwa hapo juu natamka kwamba nina, au sina, uhusiano wa kimapenzi na mfanyakazi mwenzangu. Tarehe uhusiano ulipoanza…' Tarehe!" Akacheka mpaka akashika meza. "Jamani, hii ameandika mtu aliyepigwa chini mara ngapi?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kijana akaona masikio yake yanapata moto.

"Mimi nimeitafsiri tu, dada. Imeandikwa makao makuu, ng'ambo."

"Basi ungeitafsiri vibaya. Ungekuwa umetusaidia wengi."

"Unafanya kazi gani, mpaka mashine inakutii hivi?"

"Natengeneza vitu vilivyoharibiwa na wanaume wenye haraka."

"Na mwanamume mwenye haraka akitaka namba yako ya simu?"

"Ajaze fomu kwanza," akasema, akachukua zamu ambayo foleni ilimpa kwa shukrani, akatoa kopi ya cheti chake na kuondoka. Kijana alibaki na kopi mia mbili na themanini na nane za kumalizia, na hajui hata amtafute wapi.

Hakuhitaji kumtafuta. Jumatatu, saa nne asubuhi, katika kantini ya kiwanda cha sabuni kilichoko nyuma ya reli, alisimama mbele ya wafanyakazi mia nne, afisa mpya wa rasilimali watu, akainua macho na kumwona katika safu ya tatu. Gauni halikuwapo. Alivaa ovaroli ya bluu na spana imechomoza mfukoni. Alikuwa fundi wa mitambo, mwanamke pekee katika mafundi kumi na wanne, na kiwanda kizima kilimwita Spana.

Afisa akaeleza alichotumwa. Kampuni yao ilikuwa na viwanda katika nchi kumi na moja, na kila nchi iliajiri, ilipandisha vyeo na kuachisha watu kwa njia yake. Kuna tawi ambalo wakubwa na wadogo hawali chumba kimoja. Kuna jingine ambalo mtu akiajiriwa leo, na mdogo wake anahesabiwa ameshapata kazi. Na kwenye mapenzi, kila tawi na lake: kwingine ni marufuku, kwingine unamwarifu mkuu wako na maisha yanaendelea. Hapa kwao hakuna aliyewahi kuuliza. Sasa makao makuu wanataka mwongozo mmoja kwa wote. Waliokwisha kuoana waachwe walivyo. Wengine wajaze fomu.

"Kifungu cha nne," akasoma. "Ikiwa mmoja wa wapenzi ana usimamizi juu ya mwenzake, na hakuna idara ya kumhamishia, mwenye daraja la chini ataondoka."

Mkono ukanyooka safu ya tatu.

"Afisa, naomba kuuliza. Wasimamizi hapa kiwandani ni wangapi?"

"Ishirini na sita."

"Wanawake wangapi katika hao?"

Akaitazama karatasi, ingawa jibu halikuwamo. "Mmoja."

"Basi si mngeandika tu kwamba mwanamke ataondoka? Mngeokoa wino."

Siku hiyo hiyo afisa alipata jina la kazi: Bwana Fomu.

*

Alianza kupita karakana. Mara ya kwanza alikuja na kibanio cha karatasi.

"Kimekwama, fundi."

Spana akakigeuza, akakifungua, akamrudishia. "Hakijakwama. Hakina pini."

"Kumbe!"

"Kumbe nini? Ofisini kwenu mna sanduku zima la pini."

"Ofisini hakuna fundi."

Wiki ya pili alileta kiti kinachoyumba. Wiki ya tatu alikuja mikono mitupu, na hapo ndipo Spana alipompa namba ya simu, ameiandika kwa chaki ya kuwekea alama vyuma, kwenye kiganja cha afisa.

Simu zilianza wakati wa mapumziko ya mchana, yeye yuko ghorofa ya pili ofisini, Spana amekaa juu ya boksi nyuma ya karakana.

"Umekula, mpenzi?"

"Nani mpenzi? Mimi ni mfanyakazi niliyetajwa hapo juu."

"Umekula, mfanyakazi niliyekutaja moyoni?"

"Eh! Nani kakufundisha maneno hayo? Yamo kwenye mwongozo?"

"Kiambatisho cha tatu."

"Nimekula. Na wewe tazama dirishani, usinipungie mkono, tazama tu."

Alitazama. Chini kule, kati ya mapipa ya mafuta ya mawese na mvuke wa sabuni inayochemka, mtu wa ovaroli ya bluu alikuwa ameinua kijiko juu kama anayemtakia heri. Moyo wa Bwana Fomu ukaenda kombo.

Jumapili walikutana upande wa pili wa mji, kwenye bustani yenye mabenchi ya saruji. Spana alikuja na lile gauni la kijani au sketi nyeusi yenye mifuko, kwani hakuvaa nguo isiyo na mfuko. Nguo zake zote zilishonwa na mama yake mdogo, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Walicheka sana. Walijificha pia, kwa sababu kulingana na mwongozo afisa wa rasilimali watu ana usimamizi juu ya kila mfanyakazi. Yeyote ambaye angempenda hapo kiwandani angekutana na kifungu cha nne.

"Siku moja tutatembea mtaa wa kiwandani mchana kweupe," Spana alisema.

"Tutatembea."

"Lini?"

"Nitaona namna."

Spana hakulipenda jibu hilo, lakini mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa Bwana Fomu, akaliacha lipite.

Mwezi wa nne wa mapenzi yao, dada wa chumba cha lebo, rafiki yake Spana, alijaza fomu kwa ukweli. Alikuwa na uhusiano na msimamizi wa zamu ya mchana. Walikuwa wanapanga kuoana. Baada ya wiki moja alipewa barua. Msimamizi alibaki na zamu yake. Dada huyo alikuwa mwanamke wa nne kuondoka tangu fomu zije. Spana alimbebea boksi lake hadi getini, vikombe viwili na picha ya mama yake, kisha akapiga simu hapo hapo, hakungoja mapumziko.

"Barua ile ina saini yako."

"Mpenzi, niliandika kupinga. Mara mbili. Mkurugenzi hakusikia."

"Lakini ulisaini."

"Nisiposaini mimi atasaini mwingine."

"Basi ungemwacha huyo mwingine asaini!"

Walikaa siku tano bila kusemezana. Siku ya sita Bwana Fomu alimtumia ujumbe, maneno mawili tu, "Una haki," na Spana, ambaye kwa kawaida si mtu wa kulainika, alilainika.

*

Kisha nafasi ya kiongozi wa mafundi ikatangazwa. Hakuna mwanamke aliyewahi kuishika katika tawi hilo. Spana aliomba. Alifanya jaribio la vitendo, akaifungua pampu na kuirudisha dakika kumi na moja kabla ya wenzake, na siku ya usaili akaingia ofisi ya mkurugenzi amevaa ovaroli safi, ukingo wake umepigwa pasi.

Mkurugenzi alikuwa ametoka makao makuu. Kiswahili alijifunza kitabuni, akikisema ni kama anasoma barua.

"Kazi yako ni nzuri mno. Lakini kuna uvumi. Inasemekana una uhusiano na afisa wetu."

Spana akanyoosha ukingo wa ovaroli.

"Mimi sipendi uvumi. Napenda karatasi." Akageuza faili juu ya meza. Ilikuwa fomu ya Bwana Fomu mwenyewe, ya wiki iliyopita. Aliujua mwandiko ule, ndio ule uliokuwa unamwandikia vikaratasi. Mbele ya swali, kwa herufi zilizonyooka, palikuwa na neno moja: Hakuna. "Je, unathibitisha?"

Nje lori la magadi lilikuwa linarudi nyuma, linalia pi, pi, pi. Spana alilisikiliza mpaka likasimama.

"Kama ameandika hakuna," akasema, "basi hakuna."

Alipewa cheo siku hiyo hiyo. Alishuka ngazi akiwa kiongozi wa mafundi, akaingia bafu la wanawake, akafungua bomba hadi mwisho ili mlio wa maji uzibe mlio mwingine. Kisha simu.

"Hongera, laazizi! Nimesikia! Jioni tu…"

"Uliandika hakuna."

"Ilikuwa kukulinda. Ningeandika jina lako wangekutoa kabla ya usaili. Ningefanya nini?"

"Ungeniuliza."

"Kulikuwa hakuna muda…"

"Ofisi yako na karakana yangu ni ngazi kumi na nane, nimezihesabu leo. Hukuniuliza. Ulikaa na kalamu yako ukaniamulia, kama unavyowaamulia wote. Na mimi leo nimepata cheo kwa kukukana mbele ya mtu. Unajua uchungu wake? Hongera yako kaa nayo."

Akakata. Bwana Fomu alipiga mara tisa, simu haikupokewa. Kesho yake alishuka karakana, akaambiwa kiongozi yuko juu ya tangi, na kiongozi akabaki juu ya tangi mpaka aliposikia viatu vile vinavyong'aa vinaondoka.

*

Wiki tatu zilipita. Jumapili moja, saa sita mchana, Bwana Fomu alibisha hodi kwenye nyumba yenye mlango wa bati. Shati lilikuwa limekunjamana. Kwapani alikuwa na vitabu viwili. Mama mdogo alikuwa kwenye cherehani karibu na dirisha, tepu shingoni, pini mdomoni. Akazitoa moja moja kabla ya kusema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye yule asiyekuwepo?"

"Ndiyo… mimi ndiye."

"Ajabu. Karatasi inasema hupo, na mimi nakuona. Kaa basi, ingawa sijui mtu asiyekuwepo anakalia nini."

Spana alitokea mlango wa chumbani, khanga kiunoni, mikono imefungwa kifuani. Hakumkaribisha wala hakumfukuza.

"Nimekosea," Bwana Fomu akasema, na hakungoja kukaa. "Sikuja kueleza kwa nini. Sababu ninazo, lakini hazifai kitu. Nilikuamulia. Kazi hii imenizoesha kuamulia watu maisha yao kwa kalamu, nikadhani na wewe ni faili."

"Endelea."

"Niliagiza mwongozo wa makao makuu, ule wanaoutumia wenyewe kwao." Akaweka vitabu vile viwili mezani juu ya vitambaa. "Huu wetu, huu wao. Nimelinganisha mstari kwa mstari. Kifungu cha nne kwao hakimo. Kwao mtu anaarifu, anabadilishiwa msimamizi, basi. Mke wa mkurugenzi yuko idara ya manunuzi ya huko, na walioana mkurugenzi akiwa mkuu wa idara hiyo, hakuna aliyeondoka. Kifungu cha nne kimeandikwa kwa ajili ya matawi tu."

"Kwa hiyo mwongozo mmoja ni miwili," Spana akasema polepole.

"Ni miwili. Na nataka kufuta lile neno nililoandika. Nataka kuandika jina lako. Lakini safari hii nimekuja kuuliza. Ukisema hapana, nitaondoka na vitabu vyangu."

Spana alivuta kigoda, akakaa mbele yake. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu alimtazama usoni.

"Mimi sasa niko daraja la ngapi?"

"La saba."

"Na wewe?"

Cherehani ikasimama. Uso wa Bwana Fomu ukaanza kubadilika kama mtu anayeona mlango mahali alipodhani pana ukuta.

"La sita," akasema. "Moja chini yako."

"Unajua kifungu kinasema nini juu ya mwenye daraja la chini."

"Najua. Nimewaandikia barua ile wanawake wanne. Naijua kwa moyo."

"Na uko tayari?"

"Nilikuwa tayari kabla hujaniuliza daraja."

Mama mdogo akarudisha pini mdomoni. "Huyu sasa anaonekana onekana," akasema kwa kona ya midomo.

*

Waliingia kwa mkurugenzi pamoja, Jumatatu, wameshikana mikono kuanzia getini, kupitia kantini, hadi ghorofa ya pili. Waliokuwa na vikombe mdomoni walisahau kunywa. Fomu mbili zikawekwa mezani. Penye tarehe ya kuanza, Bwana Fomu ameandika Jumamosi ya fotokopi. Spana ameandika: haiwahusu.

Mkurugenzi alisoma, akavua miwani, akaivaa tena.

"Afisa, hii ni… Kifungu hiki hakikukusudiwa hivi."

"Hakikumkusudia nani?" Spana akauliza.

"Wewe ni hazina ya kampuni," mkurugenzi akamwambia Bwana Fomu, kana kwamba Spana hakusema. "Nina mamlaka ya kukuondoa katika kifungu. Tutapata namna."

"Namna hiyo ilikuwepo mwezi uliopita?" Bwana Fomu akauliza.

"Samahani?"

"Dada wa lebo alipoondoka. Na wale watatu kabla yake. Mamlaka hayo yalikuwa wapi? Nilikuandikia mara mbili, ukasema kanuni haina jina la mtu. Kama ipo namna, iwe yao pia. Kama haipo kwao, siitaki."

"Usiwe mjinga. Utapoteza kazi."

"Niliwapotezea wanne. Naomba karatasi yenye nembo."

Aliandika barua ya kujiondoa mwenyewe, kwa maneno yale yale aliyowahi kuwaandikia wengine, akaisaini, akaisukuma upande wa pili wa meza. Miongozo miwili aliiacha kwa katibu wa chama cha wafanyakazi, kifungu cha nne kimepigiwa mstari katika mmoja, na katika mwingine ameweka alama pale ambapo kingekuwa. Kisha akashuka na boksi. Spana alilishika upande mmoja, wakatoka nalo getini, saa nane mchana, zamu zinapobadilishana na mtaa wa kiwandani umejaa watu.

"Ovaroli inanuka grisi," Spana akasema. "Usinikumbatie na shati jeupe."

Alimkumbatia.

Siku ya mwisho wa mwezi fomu za mwaka mpya ziligawiwa. Zilirudi ofisini zote mia nne, zimepangwa vizuri, zimefungwa kwa uzi wa maboksi, hakuna hata moja iliyoguswa na kalamu. Mkurugenzi aliitisha mkutano. Watu wakaja, wakakaa, wakamtazama. Katibu wa chama alisimama akasoma mwongozo wa makao makuu, halafu wa tawi, halafu akakaa. Mkurugenzi aliuliza nani aliyeanzisha mgomo huu wa kalamu, na Spana akasimama. Kabla hajasema neno, mzee wa boila, ambaye watu walidhani hana hata paka, akasimama pia, akasema yeye na mhasibu wana miaka miwili sasa pamoja na fomu hawajazi. Mhasibu akajifunika uso kwa leso, kisha naye akasimama.

Ilichukua wiki tisa za barua kwenda na kurudi. Kifungu cha nne kikafutwa katika matawi yote, na wanawake wanne wakaandikiwa warudi. Watatu walirudi. Dada wa lebo alijibu kwa mstari mmoja, kwamba anashukuru lakini ameshajiajiri, anachapa lebo zake mwenyewe. Barua ya tano ilikwenda kwa Bwana Fomu, ambaye wakati huo alikuwa amepata kazi katika ofisi ya chama cha wafanyakazi, akisoma miongozo ya makampuni ya nchi mbalimbali na kutafuta vifungu vya namna hiyo. Alimpigia Spana. Mstari wa kufungashia ulikuwa unanguruma, ikabidi Spana aweke kidole sikioni.

"Wananitaka nirudi!"

"Utarudi?"

"Sirudi! Huku wananihitaji zaidi! Lakini nina jambo jingine!"

"Sema basi, mkanda unanisubiri!"

"Nataka kukuoa! Nimeuliza, sijaamua!"

Spana aliegemea mtambo. Wapakiaji wa sabuni walikuwa wanamtazama, mikono imesimama.

"Na mama mdogo utamwambia lini?"

"Niko naye hapa! Amenipima mabega tangu asubuhi!"

Upande wa pili simu ikanyang'anywa, na sauti ya mama mdogo ikaingia, kavu, isiyo na haraka.

"Mwanangu, mjibu mtoto wa watu. Koti nimeshalikata."

"Ndiyo!" Spana akapiga kelele, na zamu nzima ikasikia.